Muhtasari Umekubaliwa, Nauli Haipo: Ushauri kwa Wanasayansi Chipukizi wa Arua na Koboko

Swali ni lile lile kila msimu wa makongamano, na huulizwa kwa maneno karibu yale yale: "Muhtasari wangu umekubaliwa kwenye kongamano la vichocheo huko Ulaya. Nani atanilipia?" Huliuliza mhadhiri msaidizi wa Chuo Kikuu cha Muni, huliuliza mwanafunzi wa uzamili anayesoma Makerere au Mbarara na kwao ni Koboko, huliuliza pia mwalimu wa kemia wa sekondari anayefanya utafiti wake baada ya kengele ya mwisho. Jibu fupi ni kwamba wafadhili wapo, lakini ni nadra kumpata mmoja atakayebeba safari yote. Jibu refu ni kwamba swali lenyewe limekuja kwa kuchelewa, kwa sababu muhtasari ukishakubaliwa nusu ya milango imekwisha kufungwa.

Msimamo wa makala haya ni kwamba kinachowakwamisha wengi huku West Nile, Uganda, ni mpangilio wa malipo zaidi ya uhaba wa ruzuku. Ruzuku nyingi za safari ni ndogo, hulipwa baada ya safari, na hazihesabu kitu chochote kinachotokea kabla ya uwanja wa ndege wa Entebbe. Anayeelewa mambo haya matatu mapema anaweza kusafiri kwa fedha za watu wanne tofauti. Asiyeyaelewa huishia na barua ya ufadhili mkononi na kiti kilichobaki kitupu kwenye ndege.

Piga hesabu kuanzia mlangoni kwako

Fomu za ruzuku zimeandikwa na watu wanaofika uwanja wa ndege kwa treni ya nusu saa. Zina kisanduku cha nauli ya ndege, cha malazi na cha ada ya usajili, basi. Mtu anayeanzia Lurujo, Koboko, ana safari nyingine kabla ya hiyo. Atashika barabara ya lami ya Koboko hadi Arua, kisha atapanda basi la usiku kupitia Pakwach na Karuma hadi Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua, kwa sababu alama za vidole za viza hazitumwi kwa barua pepe. Mara nyingi ataenda mara moja kupeleka maombi, mara ya pili kuchukua pasipoti, na mara ya tatu kupanda ndege. Hayo yote ni gharama halali ya safari, na mfadhili hawezi kuyalipia kama hukuyaandika.

Kabla hujaandika tarakimu yoyote ya nauli ya ndege, orodhesha haya:

- Pasipoti. Nchi za Schengen zinataka iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa 2 tupu.
- Basi la kwenda na kurudi Kampala mara zote utakazohitaji, pamoja na malazi ya siku ambazo kituo cha viza kitakuambia urudi kesho.
- Ada ya viza ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na juu yake ada ya kituo kinachopokea maombi. Kuna njia ya kusamehewa hiyo ya kwanza, tutaifikia.
- Bima ya safari yenye fidia isiyopungua euro 30,000.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na siku hizi cheti hudumu maisha yote.
- Kuchapisha bango. Likichapishwa kwenye kitambaa hukunjwa ndani ya begi, na hulipii mzigo wa ziada kwa ajili ya bomba la karatasi.
- Makato ya benki ya kutuma ada na ya kupokea marejesho.
- Mtu wa kubaki na mtoto, kama unalea.

Weka pia akiba ya muda, kwa maana njia yetu ni moja na ina koo jembamba. Mei 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo na magari makubwa, yakiwemo mabasi, yakalazimika kuzunguka. Kongamano kubwa kuliko yote la fani ya vichocheo lilikuwa Lyon, Ufaransa, Julai mwaka huo huo, kwa hiyo miezi ya kuhangaikia viza iliangukia katikati ya usumbufu. Aliyepanga kufika Kampala asubuhi ile ile ya miadi yake alikuwa anacheza kamari.

Chagua kongamano kabla ya kutafuta fedha

Mfadhili haangalii wewe ni nani tu, anaangalia pia unakwenda wapi. Kongamano la Kimataifa la Uchocheaji, lile la Lyon, lilianza Philadelphia mwaka 1956 na hufanyika kila baada ya miaka 4, chini ya shirikisho la kimataifa la vyama vya uchocheaji. EuropaCat, ya shirikisho la Ulaya, huja kila baada ya miaka 2: mwaka 2023 ilikuwa Prague, mwaka 2025 Trondheim. Hayo ndiyo majina ambayo kamati yoyote ya ruzuku huyatambua bila kuelezwa. Lakini kwa mtu wa safari ya kwanza, ushauri wangu ni aangalie kusini kabla ya kaskazini. Chama cha uchocheaji cha Afrika Kusini, CATSA, huwa na mkutano wake kila mwaka. Pale utakutana na watu wa c*change, kituo cha umahiri wa uchocheaji kilichoanzishwa mwaka 2004 na kuwekwa Chuo Kikuu cha Cape Town, na wahandisi wa kampuni ya Sasol, ambayo imekuwa ikigeuza makaa ya mawe kuwa mafuta tangu miaka ya 1950. Katika ukumbi mdogo mwanafunzi hupata dakika 20 na profesa ambaye Lyon angemwona mgongo tu.

Karibu zaidi kuna mikutano ya mtandao wa kemia wa Afrika nzima, PACN, ulioanzishwa na chama cha kemia cha Uingereza, RSC, mwaka 2007, na ya shirikisho la vyama vya kemia vya Afrika. Ikiwa mkutano uko Nairobi au Kigali, Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti wala viza. Safari ya namna hiyo hugharimu sehemu ndogo ya ile ya Ulaya, na ndiyo inayokupa mstari wa kwanza katika wasifu wako. Kamati ya ruzuku humwamini kwa urahisi zaidi mtu ambaye amekwisha kusimama mbele ya watu na kuwasilisha.

Kisha kuna yale ambayo si makongamano kabisa. Fani ya vichocheo imejaa mikutano ya biashara yenye majina yanayofanana mno na ya kweli, na hupenda kuwaandikia vijana wa Afrika. Shaka yako iamke ukiona haya:

- Barua pepe inayokuita "mtafiti mashuhuri" na kukupa nafasi ya mzungumzaji mkuu ilhali una chapisho moja au huna.
- Muhtasari unaokubaliwa ndani ya siku moja au mbili bila swali hata moja.
- Mkutano mmoja unaobeba vichocheo, uuguzi na kilimo katika hoteli moja, wiki moja.
- Ada inayodaiwa kwanza, na barua ya mwaliko wa viza inayouzwa kama bidhaa.

Kipimo kimoja kinatosha: tafuta ni chama gani cha wanasayansi kinachousimamia mkutano, kisha nenda kwenye tovuti ya chama chenyewe uone kama wanautaja. Wasipoutaja, pesa yako ibaki mfukoni.

Fedha huja kwa vipande

Anayesubiri mfadhili mmoja wa kulipia kila kitu atasubiri sana. Wanaosafiri ni wale wanaoigawa safari na kumpa kila mfadhili kipande anachoweza kukilipia. Anza na waandaaji. Wao ndio wenye uwezo wa kukusamehe ada ya usajili bila kutoa hata senti, na makongamano makubwa huwa na kifungu cha wanafunzi na cha watu wa nchi za kipato cha chini. Kosa la kawaida ni kulipa ada kwanza ili "kushika nafasi" halafu kuomba msamaha wa ada. Ukishalipa, hakuna cha kukusamehe.

Kipande cha pili ni chama cha kitaaluma. RSC ina ruzuku za maendeleo na safari kwa watafiti chipukizi ambao ni wanachama wake, za hadi pauni 500. Kwa shilingi zetu hiyo haifiki milioni 3, na haitoshi tikiti ya Ulaya pamoja na malazi, ila inaweza kulipa malazi yote ukikaa bweni la chuo badala ya hoteli ya kongamano. Chama hicho hicho kina ruzuku nyingine ambayo wanawake wengi hawaijui: hadi pauni 1,000 kwa mwaka kwa mwanachama anayelea mtoto au anayemhudumia mgonjwa, ili kulipia matunzo ya ziada wakati yeye yuko kwenye mkutano. Uanachama hauji kwa siku moja, kwa hiyo uombe mwaka mmoja kabla. Viwango na masharti hubadilika, soma tangazo la mwaka wenyewe.

Cha tatu ni mradi. Msimamizi wako, au mshirika wa Makerere au wa nje, akiwa anaandika ombi la fedha za utafiti, mwombe aweke mstari wa safari ya mkutano mmoja kwa jina la cheo chako. Fedha za safari zilizomo ndani ya mradi ndizo nyepesi kuliko zote kwa sababu zimekwisha kuidhinishwa na hulipwa kupitia chuo. Wanawake wenye shahada ya uzamivu waangalie OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lililoko Trieste chini ya mwavuli wa UNESCO. Ufadhili wake wa wanasayansi chipukizi hufikia dola 50,000 za utafiti, na Uganda imo katika orodha ya nchi zinazostahili. Ombi la ukubwa huo lisiandikwe kwa ajili ya safari, lakini safari inaweza kukaa ndani yake bila kumshangaza mtu.

Cha nne huwashangaza wengi: shirika la kuzuia silaha za kemikali, OPCW, la The Hague. Uganda ni mwanachama, na shirika hilo lina mpango wa kusaidia wakemia wa nchi wanachama kuhudhuria mikutano inayohusu matumizi ya amani ya kemia. Msaada wa aina hii hupitia kwa waandaaji wa mkutano. Kazi yako, basi, ni kuwauliza waandaaji, miezi mingi kabla, kama wameuomba.

Kampuni je? Jaribu, lakini usianzie hapo. Mafuta yaligunduliwa bonde la Albertine mwaka 2006, na Machi 2025 serikali ilitia saini makubaliano na kampuni ya Falme za Kiarabu ya kujenga kiwanda cha kusafishia mafuta Hoima, mapipa 60,000 kwa siku. Kiwanda cha namna hiyo hakisogei bila vichocheo: ndivyo vinavyovunja molekuli nzito na kuondoa salfa. Hoja kwamba Uganda inahitaji watu wake wanaovielewa ni hoja nzuri mezani kwa mkurugenzi, mradi umwombe kitu kidogo kinachotajika, kama tikiti moja au bango, usimpelekee bajeti nzima.

Ombi lenyewe

Kamati husoma maombi mengi kwa muda mfupi, na sehemu kubwa yake yanafanana: "kongamano hili litaniwezesha kukutana na wataalamu na kupanua ujuzi wangu." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mwombaji yeyote kuhusu mkutano wowote. Ombi linalosomeka hutaja watu na shida. Chukua mfano wa utafiti unaopendwa sana katika vyuo vyetu, wa kutengeneza dizeli ya mimea kwa kichocheo cha oksidi ya kalsiamu kutoka maganda ya mayai yaliyochomwa kwa nyuzijoto 800 au 900. Duniani kote kazi hiyo imefanywa mara nyingi mno, na msomaji wa kamati anajua. Ukiandika kwamba unatumia maganda ya mayai kwa sababu ni taka ya bei rahisi, umemwambia asichokihitaji. Andika badala yake kwamba mafuta yaliyokaangiwa chipsi mara nyingi huko mjini Arua yana asidi huru nyingi, asidi hizo hugeuka sabuni zikikutana na oksidi ya kalsiamu, na kalsiamu yenyewe huyeyuka kidogo kidogo ndani ya mafuta hadi kichocheo kinachoka. Umejaribu njia fulani ya kuizuia, na katika programu ya mkutano kuna kikao kuhusu jambo hilo hilo ambacho anaongoza fulani. Sasa safari yako ina sababu.

Haya ndiyo yanayoangusha maombi mazuri:

- Kutuma usiku wa mwisho. Umeme ukikatika au mtandao ukisuasua Koboko, saa sita ya usiku ya London haitakusubiri. Tuma siku tatu kabla.
- Majina yasiyolingana. Pasipoti, cheti cha shahada, kitambulisho na akaunti ya benki visome jina moja, herufi kwa herufi. Kama shuleni waliliandika vingine, tengeneza hati ya kiapo mapema.
- Barua ya msimamizi iliyonakiliwa. Mpe msimamizi mambo matatu mahususi ya kuandika, na wiki tatu za kuyaandika.
- Kuficha wafadhili wengine. Kamati hupenda kuona nani analipa nini. Jedwali la mistari sita linaloonyesha waandaaji wamesamehe ada, chuo kinalipa basi na viza, na wewe unaomba malazi tu, lina nguvu kuliko kurasa mbili za maelezo.
- Kuomba kiwango cha juu kwa sababu kipo. Omba unachohitaji.

"Utarudishiwa ukishasafiri"

Hapa ndipo safari nyingi hufia. Barua inasema umepewa euro 800. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, inasema zitalipwa baada ya mkutano, ukileta stakabadhi. Kwa mtafiti wa Ulaya mwenye kadi ya mkopo jambo hilo halina maana yoyote. Kwa mhadhiri msaidizi wa Arua, maana yake ni kutoa mfukoni mwake mshahara wa miezi, kisha kungoja marejesho yasiyo na tarehe. Wengi huona aibu kusema hawana fedha hizo, hukubali ufadhili kwa furaha, na wiki mbili kabla ya safari hunyamaza. Kamati huwaandika kama watu wasiotegemewa, na mwaka unaofuata kijana mwingine wa huku anapoomba, kumbukumbu hiyo ipo.

Basi siku ile ile unapopokea barua, jibu ukiuliza moja kwa moja: je, mnaweza kununua tikiti wenyewe na kulipia malazi moja kwa moja, kisha nirudishiwe yale madogo tu? Swali hili si la kuombaomba. Makatibu wa makongamano hulipokea mara kwa mara na wengi wana utaratibu wake, ila hawautangazi. Wakikataa, peleka barua ya ufadhili kwa mhasibu wa chuo na uombe masurufu, barua hiyo ikiwa ndiyo ushahidi kwamba fedha zitarudi. Masurufu huidhinishwa kwa kufuata robo za mwaka wa fedha, na wetu huanza Julai. Ombi linaloingia Juni hukuta kasha limekauka, kwa hiyo liingize mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Mkopo wa chama cha kuweka na kukopa uwe wa mwisho, na uupigie hesabu kwa miezi sita, si miwili, kwa sababu marejesho huchelewa. Kama riba ya miezi sita inakula robo ya ruzuku, ruzuku hiyo ni ndogo kuliko inavyoonekana na huenda mkutano huo si wako mwaka huu. Mkopeshaji wa mtaani anayetaka abaki na kadi yako ya benki au hati ya shamba, mkimbie.

Viza, na ada ambayo huenda hudaiwi

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi hutakiwa kutoka ndani ya siku 15 lakini unaweza kusogezwa hadi 45, na miadi yenyewe katika msimu wa kiangazi cha Ulaya hujaa upesi. Kwa mtu wa West Nile, miezi mitatu kabla ni kiasi. Kama ulitoa alama za vidole kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita, zinaweza kutumika tena. Liulize hilo kabla ya kukata tikiti ya basi.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba kanuni za viza za Umoja wa Ulaya zinawasamehe ada watafiti wanaosafiri kushiriki semina au kongamano la kisayansi. Msamaha huo hauji wenyewe. Unahitaji barua ya mwajiri au chuo inayokutambulisha kuwa mtafiti na barua ya waandaaji inayotaja jina la wasilisho lako, kisha uuombe waziwazi wakati wa kujaza maombi. Ada ya kituo cha kupokea maombi bado utailipa. Afisa wa dirishani anaweza asiujue msamaha huo. Uliza kwa maandishi ubalozini mapema, ufike na jibu lao limechapwa.

Kuhusu kukataliwa, sababu inayoonekana mara nyingi kwenye ile karatasi ni shaka kwamba utarudi. Barua ya mwajiri isiseme tu kwamba wewe ni mfanyakazi. Itaje tarehe utakayorudi darasani, somo unalofundisha muhula huo, na kwamba likizo yako imeidhinishwa. Taarifa ya benki yenye fedha nyingi zilizoingia juzi kwa mkupuo huleta maswali kuliko ile yenye kidogo kinachoingia kila mwezi.

Pingamizi tatu

La kwanza ni zito, na wanaolitoa ni watu makini: kwa nini fedha ziende kwenye ndege wakati maabara haina kemikali? Ruzuku za safari haziwezi kununua kemikali hata ukitaka, masharti hayaruhusu. Ila hilo ni jibu la mhasibu. Jibu la mkemia ni kwamba kichocheo hakisadikiki bila vipimo vya umbo la fuwele, ukubwa wa uso na nguvu ya asidi yake, na mashine za vipimo hivyo bei yake hailinganishwi na nauli ya mtu mmoja. Njia ya haraka ya kuzifikia ni kukubaliana na maabara inayozimiliki. Kwa hiyo safari ipimwe kwa hilo. Kabla hujaondoka waandikie watu watatu wenye mashine unazohitaji, omba nusu saa ya kila mmoja, na ubebe sampuli zako zikiwa na maelezo ya usalama wake na kibali cha kuzipitisha pale kinapotakiwa. Usipopata hata mmoja wa kukutana naye, pingamizi limekushinda, na afadhali ubaki.

La pili: siku hizi si kila kitu kiko mtandaoni? Kwa kusikiliza, ndiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiye na matokeo anafaidi zaidi kusikiliza akiwa Arua kuliko kuzunguka ukumbini na bango lisilo na mchoro hata mmoja wa data. Mwenye matokeo ni tofauti, kwa sababu anachohitaji ni maswali ya watu na makubaliano ya kazi, na hayo bado hufanyika zaidi mbele ya bango na kwenye foleni ya kahawa.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: fedha hizi ni za watu wenye kujuana. Kujuana kupo, na hakuna haja ya kukataa. Ila ruzuku za vyama vya kitaaluma hupimwa kwa fomu na tarehe, na wanaoomba kutoka pembeni kama huku ni wachache kuliko unavyofikiri. Kuna kamati zinazotafuta hasa mwombaji kutoka nchi au jimbo ambalo halijawahi kuwakilishwa. Taja Koboko. Usijiandike "Kampala" kwa kudhani itapendeza.

Viza ikikataliwa, au safari ikivunjika

Andika barua tatu siku hiyo hiyo. Kwa mfadhili, ukiambatisha karatasi ya kukataliwa, uulize kama fedha zinaweza kuhamishiwa mkutano mwingine ndani ya mwaka wa fedha. Wengine hukubali, lakini tu kwa aliyetoa taarifa kabla ya mkutano. Kwa waandaaji, uombe mwenzako aliyeko huko alitundike bango lako au urekodi wasilisho, ili muhtasari wako ubaki kwenye kitabu cha mkutano, na udai marejesho ya ada kama ililipwa. Kwa mhasibu wa chuo, ukirudisha masurufu ambayo hayajatumika pamoja na stakabadhi za yaliyotumika: basi, viza, bima. Ada ya viza hairudi, lakini chuo kinaweza kuitambua kama gharama halali kama ilikuwamo kwenye bajeti yako tangu mwanzo. Una pia haki ya kukata rufaa kwa utaratibu na muda uliotajwa kwenye ile karatasi. Ikate kama una hati mpya ya kuonyesha. Kama huna, fungua kalenda ya CATSA na uangalie tarehe ya mwisho ya muhtasari.